Picha Haijasema Hivyo

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa salamu ya mtu aliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea, na namwomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute mzima, macho yako yakiwa na nguvu kwa kazi yako ya kutazama yaliyofichika ndani ya taya za watu. Sisi huku hatujambo. Goti langu bado linanikatalia kupiga magoti kama ipasavyo, na wifi yako anakohoa kikohozi chake cha kila mwaka, lakini hayo tumeyazoea. Tusilolizoea ndilo lililonikalisha mezani leo.

Kitinda mimba wetu amerudi nyumbani. Alifika ameshikilia kitambaa mdomoni, mdomo wa juu umevimba, na jino lake la mbele, la upande wa kulia, linacheza kila anapojaribu kuuma kitu. Alisema mumewe alimpiga kwa mkono wenye pete. Mkwe wetu unamjua: ni yule ambaye watu wamempa jina la Asali kwa utamu wa maneno yake, na ndiye katibu wa kamati ya nyumba yetu ya ibada. Nilipomwita alikuja na tabasamu. "Mzee," akasema, "hata kidole sikumgusa. Binti yako ana ugonjwa wa fizi. Nimemwambia akatibiwe mpaka nimechoka."

Kwa ghadhabu nikatenda jambo ambalo mtu wa umri wangu hatendi bila kushauriana. Niliwaita wazee wa ibada nikasema mbele yao: "Picha haina mjomba wala shangazi. Binti apelekwe kwa daktari wa meno apigwe eksirei. Ikionyesha mzizi wa jino umevunjika, huyu bwana atajibu. Ikiwa safi, nitamwomba radhi hadharani, na mwisho wa mwezi binti atarudi nyumbani kwake." Wazee wakaridhia.

Picha ilipigwa kesho yake. Ilikuwa safi. Daktari wa hapa, ambaye si mtu mbaya, aliishika juu ya taa yake, akaitazama kwa muda, akasema haoni ufa.

Basi nikasimama mbele ya kaumu nzima nikaomba radhi. Asali alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Nimekusamehe, Baba mkwe. Uzee una mambo yake. Hata miwani hufika wakati ikahitaji kubadilishwa." Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa kuwa sikujua la kufanya na uso wangu.

Jioni ile binti alinifuata mlangoni pa jikoni akaniambia, "Baba, alinipiga." Nikamjibu, "Mwanangu, picha haijasema hivyo." Tangu hapo hajalitaja tena. Anatafunia upande mmoja, na jino lenyewe limeanza kupoteza weupe wake.

Nakuomba, wewe shangazi yake, umwandikie na kumshauri juu ya subira. Neno nimekwisha kulitoa, na neno likishatoka halirudi mdomoni.

Akulinde Aliyetuumba.

Kaka yako


Tarehe 9 Machi

Kaka mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta kazini, bado nimevaa ile aproni nzito ya kuzuia mionzi, na nikaisomea wima. Afya yangu njema. Mpe pole wifi kwa kikohozi, umwambie aache kufagia vumbi kwa ufagio mkavu. Nimemwambia mara ngapi?

Unaniomba nimshauri mwanangu juu ya subira. Sitamshauri. Nitakushauri wewe, na unisamehe nikikosea adabu.

Eksirei haina macho, Kaka. Ni miale inayopita, na kinachobaki kwenye picha ni kivuli. Ufa huonekana pale tu miale inapopita sambamba nao. Ni kama mlango ulioachwa wazi kidogo: ukisimama sawa na upenyo utaona mpaka chumbani, ukisimama pembeni utaapa kwamba umefungwa. Sasa, mzizi wa jino la mbele ukipata dharuba hukatika kimshazari. Mtu akipiga picha moja tu, ana kwa ana, vile vipande viwili hulaliana na kivuli chao kikawa cha mzizi mmoja mzima. Tena mlimpeleka mapema, kabla uvimbe haujavitenganisha. Kwa sababu hiyo sisi hupiga picha zaidi ya moja, kichwa cha mashine tukikiinua mara hii na kukishusha mara nyingine. Daktari wenu alipiga ngapi? Kama ni moja, hakudanganya. Alisimama pembeni ya mlango.

Wewe ni mwalimu, na chaki unazo. Ivunje moja kimshazari, uvishike vipande vikiwa vimeachana kidogo mno, utazame kivuli chake ukutani. Kisha izungushe taratibu.

Halafu mwombe wifi aweke ncha ya kidole juu ya ufizi wa mtoto, pale mzizi ulipo, na kwa mkono wa pili alitikise jino polepole. Kama jino linacheza na chini ya kidole kumetulia tuli, basi humo ndani kuna vipande viwili. Fizi zikiugua, jino zima hutikisika pamoja na mzizi wake. Na jino linalobadilika rangi baada ya siku chache si jino la fizi, Kaka. Hilo limepigwa.

Usimrudishe. Neno lako ulilitoa juu ya mzizi uliovunjika, na mzizi huo hakuna aliyeuona bado.

Dada yako mdogo


Tarehe 16 Machi

Mdogo wangu,

Amani ikufunike wewe na nyumba yako. Kikohozi cha wifi yako kimepungua. Ufagio sasa anaulowanisha.

Nilivunja chaki mbele ya wanafunzi wangu, nikaishika kwenye mwanga wa dirisha. Kivuli ukutani kilikuwa cha chaki nzima. Nikaizungusha, na upenyo ukafunguka kama jicho. Wanafunzi wakauliza somo ni lipi. Niliwaambia wafungue vitabu vyao.

Wifi yako naye aliweka kidole kama ulivyoelekeza. Aliondoa mkono, akanitazama, akasema, "Chini kumetulia, Baba watoto. Juu kunacheza." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na chakula cha mchana nilijipakulia mwenyewe.

Dada yangu, nimesoma na kusomesha habari za msamaha tangu mkwe wangu hajazaliwa. Sasa nazifungua kurasa zile zile, macho yananipita juu yake kama maji juu ya jani. Kila ninapoinama kuomba, naisikia ile sauti yake: miwani, Baba mkwe, miwani.

Juzi alipita hapa. "Baba mkwe," aliniita tangu barabarani, "mwisho wa mwezi unabisha hodi! Nyumba nimeipaka rangi, mwenyewe ndiye anayekosekana." Nikamkaribisha kiti. Nikamwagizia kinywaji. Nikamwambia kwamba nimeona busara kumpeleka binti kwa shangazi yake, bingwa wa meno, ili hizo fizi zitibiwe kwanza, arudi kwake akiwa mzima. Akafurahi mno. "Hapo umenena. Fizi si za kuchezea." Akanywa, akashukuru, akaondoka, na mimi nikampungia mkono mpaka alipokata kona. Sikujua kwamba naweza kumpungia mkono mtu kwa moyo wa namna ile.

Jino lake silitaki. Nalitaka jina lake. Nalitaka mbele ya watu wale wale, chini ya paa lile lile, alipolichukua langu. Binti atafika kwako Jumatano pamoja na mama yake. Mpige picha zote unazozijua, na kama kuna picha ya kumpiga mtu moyo, mpige na hiyo, maana hazungumzi nami ila kwa "ndiyo, Baba" na "hapana, Baba".

Kaka yako


Tarehe 29 Machi

Kaka mkubwa,

Shikamoo. Wifi amerudi salama? Mtoto yu hapa, anakula uji na ndizi mbivu, na ananisaidia kupanga mafaili japo sijamwomba.

Nilimpiga picha tatu ndogo. Ya kwanza, ana kwa ana, ilitoka safi kama yenu. Ningekuwa mvivu ningemrudisha nyumbani. Ya pili nilikiinua kichwa cha mashine, na mstari ukajitokeza, mwembamba kama unywele, katikati ya mzizi. Kisha nikamsimamisha kwenye ile mashine kubwa inayozunguka kichwa na kulikata jino vipande vipande kwa picha, bila kisu. Mashine hiyo nayo ina uongo wake: jino likiwa na chuma ndani, chuma hurusha vivuli vyeusi vinavyofanana na nyufa, na watu wameng'olewa meno mazima kwa sababu hiyo. Jino la mwanangu halina chuma wala halijawahi kuzibwa. Kinachoonekana humo kipo. Mzizi umekatika kimshazari, kutoka mbele kushuka nyuma, na ukuta wa mfupa ulio mbele yake una ufa pia. Kitu kigumu kilikuja kutoka mbele kwa nguvu. Ugonjwa wa fizi hula mfupa taratibu kutoka pembeni. Fizi zake ni nzima kuliko zangu.

Nimelifunga jino kwa waya mwembamba pamoja na majirani zake. Mwenyezi Mungu akipenda, halitang'olewa.

Sasa sikiliza, maana nami nina hasira yangu. Ukimwonyesha picha hizi leo, Asali atashika kichwa na kusema, "Kumbe! Basi ni siku ile alipoteleza bafuni." Picha inajua kwamba jino limepigwa, haijui na nani. Mwache kwanza afunge milango yake yote mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mashahidi. Hakuteleza. Hakuanguka. Hakugongwa na mlango. Akishaifunga yote na funguo ameshika yeye, ndipo utoe picha.

Nakutumia zote, pamoja na maelezo kwa ajili ya daktari wenu, ambaye nimezungumza naye kwa simu. Amesema atakuja mwenyewe kwenye baraza la wazee.

La mwisho nililiandika nikalifuta, na nimeliandika tena: mtoto hunieleza kila kitu, ila wewe hakutaji.

Dada yako mdogo


Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa moyo mwepesi ambao sikuwa nao kwa muda mrefu. Wifi yako alifika salama. Goti limepona, au nimelisahau.

Imekwisha.

Niliwaomba wazee wakutane baada ya ibada, watu wakiwa bado hawajatawanyika. Asali alikaa mbele, mahali pake pa katibu, funguo za nyumba ya ibada zikining'inia kidoleni. Picha zako zilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti langu, na kila nilipovuta pumzi nilizisikia.

Nikasema: "Mkwe wangu, binti karibu atarudi. Nataka tuondoe shaka zote leo, nisije nikakusumbua tena kwa uzee wangu. Hukumpiga?"

"Sikumpiga, Baba mkwe."

"Labda aliteleza, ukaona haya kusema?"

"Angeteleza ningekuwa wa kwanza kukuambia."

"Mlango? Ngazi? Kabati?"

Akacheka, akawageukia watu. "Jamani, mzee anataka nitaje vyombo vyote vya nyumbani! Hakuna kilichomgusa. Ni fizi. Fizi, fizi, fizi."

"Uko tayari kuapa?"

Hapo, dada yangu, palikuwa na kitambo. Mtu aliyesomeshwa dini anajua kiapo cha uongo ni nini, na anajua hukumu ya mwenye kumwona kipofu akielekea kisimani na kunyamaza. Ningeweza kuutoa mkono wenye picha kabla hajainua wa kwake. Sikuutoa. Nikamwona akisimama, akaweka kiganja juu ya Kitabu, akalitaja Jina, akaapa kwamba hakuna mkono wala kitu kilicholigusa jino lile. Nikasema, "Amina." Nililisema kwa sauti.

Ndipo daktari akainuka kutoka nyuma, akazishika picha kwenye mwanga wa dirisha, akamwita kila mzee atazame kwa jicho lake. Akasema, "Mwezi uliopita nilipiga picha moja, na nilipaswa kupiga zaidi. Kosa ni langu. Mzizi huu umekatwa na pigo lililotoka mbele. Ugonjwa hauvunji hivi."

Asali akalamba midomo. "Basi," akasema, "basi, sasa nakumbuka. Aliteleza. Bafuni. Siku ile."

Mshonaji, yule jirani yetu mwenye ulimi kama sindano zake, akauliza kutoka kwenye mkeka: "Bwana katibu, hilo bafu limejengwa lini? Mzee alipokuuliza sasa hivi, nyumba yako haikuwa nalo!"

Watu walicheka, dada yangu. Walicheka chini ya paa lile lile. Nikamsogelea, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili kama alivyonishika, nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Ni miwani mipya, mkwe wangu. Ulinishauri vema."

Walimvua ukatibu pale pale. Funguo alizitoa mwenyewe kidoleni, na zilipoanguka mezani mama yake alijifunika uso. Talaka aliiandika kabla ya jua kutua. Jina la Asali limekufa. Sasa watoto barabarani humwita Fizi, na yeye hupita njia ya nyuma. Kama wapo wa kumpeleka mbele zaidi, hadi mahakamani, wazee wamesema hawatawazuia.

Nilimfukulia shimo nikalifunika majani, nikamwita kwa jina la Mungu apite juu yake. Nitaulizwa, na sijaandaa jibu. Lakini nisikufiche: siku ile nilikula chakula kwa hamu, nikaomba kuongezewa.

Mwambie binti yangu kwamba baba yake amemlipizia. Mwambie aje. Chumba chake kimefagiliwa, kwa ufagio uliolowanishwa.

Kaka yako


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Nakutakia afya njema na riziki ya halali. Sisi tu wazima.

Sijapata jibu lako. Nimeuliza posta, wanasema hakuna kilichopotea. Labda kazi ni nyingi. Waya wa mtoto umetolewa? Anaweza kuuma mkate sasa? Wifi yako hupokea simu zake na kuzungumza naye chumbani. Nikiingia, mazungumzo huwa yamefika mwisho.

Nimemaliza kufundisha sura ya viapo. Niliiruka miaka yote kwa sababu wanafunzi husinzia. Mwaka huu walisinzia, lakini mimi sikusinzia pamoja nao. Nilikaa macho kila neno.

Mwambie anisalimie japo kwa neno moja.

Kaka yako


Tarehe 18 Juni

Mdogo wangu,

Amani kwako. Kama kuna ugonjwa huko, nijulishe. Kama hakuna ugonjwa, nijulishe pia.

Kaka yako


Tarehe 6 Julai

Kaka mkubwa,

Shikamoo. Hakuna ugonjwa. Nisamehe kimya changu. Kila nilipomwuliza mtoto, "Nimwandikie nini baba yako?" alinijibu, "Bado, Shangazi." Nami niliona hii mara moja angalau asikilizwe.

Waya ulitolewa zamani. Anauma mkate, na juzi kauma tofaa kwa makusudi, ili nimwone. Amepata kazi hapa kwetu, mapokezi. Wagonjwa wanampenda kwa kuwa huwauliza maumivu yalianza lini, kisha huwaacha wamalize kueleza.

Ile barua yako ya barazani nilimsomea yote. Nilipofika kwenye bafu la mshonaji alicheka mdomo wazi, bila kuufunika kwa mkono, na nilifurahi kwa ajili yako. Nilipomaliza alichukua nguo za kukunja. Kisha akasema:

"Shangazi, siku hiyo pale barazani mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwangu, mwanangu."

"Na mara ya kwanza, Baba alipoomba radhi?"

"Ulikuwa nyumbani."

"Kuna aliyekuja kuniita?"

Akaendelea kukunja nguo. Akasema, "Alichukuliwa jina lake, akalirudisha kwa jino langu. Limemfaa. Nashukuru limemfaa."

Nilikutetea, Kaka. Nilimwambia kwamba baba yake alidanganywa na kivuli, kama mtu yeyote angedanganywa. Akaniambia, "Mimi sikuwa kivuli. Nilisimama mlangoni pa jikoni." Tangu hapo nimeacha kukutetea.

Hatarudi. Hajakasirika, na hilo ndilo linalonitisha; nilipomfundisha kusoma picha hizi alikuwa na utulivu ule ule.

Jana nilimpiga picha ya mwisho, kichwa cha mashine kimeinuliwa kama ipasavyo. Mstari ungalipo, lakini kingo zake zimelainika na mfupa umeanza kuingia katikati. Jino limeshika. Huo mstari hautafutika. Atauma nao na atazeeka nao.

Nilimwekea karatasi na kalamu mezani. "Mwandikie baba yako," nikamwambia, "japo mstari mmoja." Akaitazama karatasi, akaisogeza kando. Akachukua ile picha, akaifuta alama za vidole kwa pindo la gauni, akaitia ndani ya bahasha hii kwa mkono wake mwenyewe.

"Mpelekee hiyo, Shangazi," akasema. "Mimi nilikwisha kusema."

Dada yako mdogo